Kidude Kina Njaa

Mtaani kwetu Wete mimi huitwa fundi. Cheo hicho nilikipata siku niliyozima redio ya jirani nikaiwasha tena, ikasema. Sikuwahi kukikanusha, na ndicho kilichoniponza.

Binamu yangu alioa Unguja, na nusu ya ukoo wa Pemba haikwenda. Huyu hana nauli ya boti, yule karafuu zake ziko juani, mwengine watoto wana mitihani ya skuli. Nikajitia mbele: "Niachieni mimi, harusi itakuja hapa hapa ukumbini." Nikampelekea binamu hadi diski yangu, ile ndogo ya kuingia mfukoni, na kiwaya chake kifupi. Mpiga picha akaimwaga humo video ya harusi nzima. Kule kwa binamu ilifunguka vizuri tu kwenye kompyuta yake kubwa ya mezani. Ikarudi na boti hadi Mkoani, ikapanda daladala, ikafika.

Usiku wa kuangalia, umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri. Hakuna aliyejali. "Fundi ana laptopu, ina chaji." Wakajaa mikekani, kahawa ikapita, halua ikapita, watoto wakawekwa mbele kwa vitisho.

Laptopu yenyewe ni mtumba wa zamani. Ina matundu matatu ya USB, moja liliuliwa na mtoto wa dada kwa kijiko cha uji. Mawili yaliyobaki, moja liko ubavu wa kulia na jengine wa kushoto. La kulia nikalitia kile kigawanyio kinachofanya tundu moja kuwa manne, nikachomeka diski, na kwa kuwa joto lilikuwa la kaskazi, nikachomeka na kifeni changu kidogo. Hapo watu wakaona matundu mawili matupu.

"Fundi, simu yangu imekufa, na mimi kidogo."

"Na yangu, mwanangu, nataka kupiga Unguja nikawape hongera."

Unamkatalia nani?

Nikafungua laptopu. Tik. Tik. Tik-zzz. Kimya. Kompyuta ikalia kengele ya kukiona kitu, kabla sijashika kipanya ikalia ile ya kukipoteza. Tik. Tik. Tik-zzz.

Shangazi alikuwa karibu kuliko wote, amekunja miguu, buibui limelala mabegani. Akainama, akasikiliza.

"Hicho kidude kina njaa," akasema. "Sikilizeni kinavyolia. Kama kifaranga."

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka kuwashinda. "Shangazi, hii ni teknolojia."

Basi nikaanza teknolojia. Kwanza nikasema ni virusi. Halafu nikasema ni chumvi ya bahari, imeingia botini. Nikapuliza tundu. Nikaikung'uta diski kiganjani, jambo ambalo hata adui yako usimfanyie diski yake. Nikazima nikawasha, dawa yangu ya redio. Mwisho nikampigia binamu kwa simu ya mtu, nikamgombeza bwana harusi usiku wa saba wa fungate yake.

Kumbe mambo yako hivi. Tundu la USB 2.0, kama hayo ya laptopu yangu, limeahidi volti 5 na miliampea 500, basi. Diski ya namna ile si kama flashi. Ndani mna sahani ya kweli na mota ya kuizungusha, nyingi huenda mara 5,400 kwa dakika. Pale inapoanza kuzunguka ndipo inapokula hasa, huweza kutaka hata ampea nzima, yaani miliampea 1,000, kwa sekunde chache. Isipoipata, huanguka na kuanza upya, na hiyo ndiyo tik. Sasa mimi zile 500 nimezipakua sinia moja, nikawaketisha walaji wanne: diski, feni na simu mbili. Na simu yenye njaa huingia siniani kama wavulana wa maulidi.

Haya nilikuja kuyajua baadaye. Usiku ule nilichomoa kila kitu kwa hasira tu, nikaitia diski peke yake moja kwa moja kwenye tundu. Ikazunguka! Jina la harusi likatokea kwenye kioo, vigelegele vikapigwa. Tik.

"Kimekula, hakijashiba," akasema Shangazi.

Hapo ndipo nilipoukumbuka waya wa vichwa viwili. Ulikuja na diski ndani ya boksi. Kichwa kimoja hupitisha data na umeme, cha pili umeme tu, ili diski inywe matundu mawili kwa pamoja. Waliotunga kanuni za USB wenyewe waya huo hawautaki, lakini watengenezaji wanautia boksini hivyo hivyo. Mimi nilidhani kichwa cha pili ni cha akiba, kimoja kikifa unatumia chengine. Nikaupuuza. Sasa uko wapi?

"Si ule unaofunga banda langu la kuku?" akauliza Shangazi.

Ndio ule. Niliufunga mwenyewe, mafundo matatu, nikasifiwa.

Nikatoka na tochi, msuli mkononi. Fundo la kwanza likafunguka, la pili likafunguka, la tatu likafunguka pamoja na mlango. Kuku kumi na mmoja wakanipita kama wanawahi boti. Sikuwafuata. Nikaufuta waya kwa pindo la msuli, sitasema nilifuta nini, nikarudi ndani.

Waya wenyewe mkia mmoja ni mfupi, na matundu yangu yako pande mbili za laptopu. Ulifika kwa shida, na kwa sharti kwamba diski ining'inie hewani nyuma ya kioo. Diski inayozunguka haining'inizwi. Nikaishika mimi, viganja viwili, nimepiga magoti, nyuma ya kioo, mbu wakila shingo.

Ikaimba. Haikusema tik hata mara moja.

Nikaisikiliza harusi nzima ya binamu yangu bila kuiona, mpaka bi harusi alipotolewa, chaji ikakata.

Asubuhi walirudi kuku tisa. Banda sasa limefungwa kwa waya wa chaja yangu ya simu. Shangazi aliukagua kwanza, akahesabu vichwa.