Kongamano Kila Mwaka, au Liruke Mwaka?

Katika vyama vingi vya kitaaluma vya kanda kuna hoja isiyokosa kuzuka kwenye mkutano mkuu, hasa mweka hazina akishamaliza kusoma hesabu: kongamano liendelee kufanyika kila mwaka, au liwe kila baada ya miaka miwili? Wanaotetea utaratibu wa kila mwaka husema chama kisichokutana kinakufa. Wanaoupinga husema chama kinakutana mno na kuchapisha kidogo mno. Pande zote mbili zina ushahidi, na si haki kuamua kabla ya kuufuata mwaka wa chama mwezi baada ya mwezi ili kuona muda wa watu unakwenda wapi.

Tuchukue chama cha mfano chenye wanachama 200 waliotawanyika katika vyuo, shule, makumbusho na ofisi za kanda moja. Hakina mwajiriwa hata mmoja. Kinaendeshwa na kamati tendaji ya watu saba: mwenyekiti, makamu wake, katibu, mweka hazina, mhariri wa jarida na wajumbe wawili, wote wenye kazi zao za mshahara kwingine. Kila mmoja akijitolea saa nne kwa wiki, kamati nzima ina saa 28, pungufu ya saa za kazi za mwajiriwa mmoja. Mihadhara ya kila mwezi, jarida, kongamano, barua za wanachama, hesabu za fedha na tovuti, vyote vinatoka katika saa hizo 28.

Sasa liangalie kongamano la siku mbili linalofanyika Agosti. Kazi yake inaanza Novemba ya mwaka uliotangulia kwa kumtafuta mwenyeji na kupata barua yake yenye saini, inayotaja kumbi, tarehe na nani analipia nini. Ahadi ya mdomo haitoshi: mkuu wa idara akibadilishwa Machi, ahadi huondoka naye. Desemba kamati inakubaliana mada kuu. Januari mwito wa makala unatoka, na mwisho wa Machi ndio ukomo wa kupokea ikisiri, yaani muhtasari wa makala, za maneno 250 hadi 300. Katibu mzoefu hutenga wiki mbili za ziada tangu mwanzo bila kuzitangaza, kwa sababu ikisiri nyingi hufika siku mbili za mwisho, na chache nzuri hufika siku mbili baada ya hapo.

Aprili ni mwezi wa kupitia. Ikisiri 60, kila moja ikisomwa na watu wawili, ni usomaji mara 120. Wakiwapo wapitiaji 15, kila mmoja anapata nane, mzigo wa jioni mbili. Tatizo ni pale wanne kati yao wasipojibu. Hapo waliobaki 11 wanabeba 10 au 11 kila mmoja, majibu yanasogea hadi Juni, na barua za kukubaliwa zinachelewa. Barua hiyo haipaswi kuchukuliwa kama adabu tu. Mshiriki anaitumia kuombea ruhusa na nauli kwa mwajiri wake. Ikimfikia Mei, ana wakati wa kuifuatilia. Ikimfikia mwisho wa Julai, atakayekuja ni aliye karibu au mwenye fedha zake mfukoni, na kongamano la kanda linageuka kuwa kikao cha mji mmoja.

Halafu ratiba. Mawasilisho 45 ya dakika 20, yaani dakika 15 za kusema na tano za maswali, ni dakika 900, sawa na saa 15. Siku mbili, ukitoa ufunguzi, mhadhara wa mgeni, chai, chakula na mkutano mkuu, zinabaki na saa tisa hivi. Kwa hiyo lazima kumbi ziwe mbili, kila moja na saa saba na nusu. Nafasi ya kupumua ni saa moja na nusu kwa siku zote mbili, na wanaoimaliza ni wenyeviti wa vikao. Mwasilishaji wa kwanza akiachiwa dakika 35, wa mwisho anabaki na tano, na mara nyingi wa mwisho ni mwanafunzi aliyesafiri mbali kuliko wote. Tiba yake ni rahisi, nayo ni kumpa mtu mwingine, asiye mwenyekiti, saa na kadi mbili: ya dakika tano na ya dakika moja. Mwenyekiti huona haya kumkatiza mkubwa wake; kadi haina haya.

Hesabu hizi zote zinaangukia mabegani mwa watu wawili, katibu na mhariri, kwa kuwa ndio wanaojua nani anafanya utafiti gani. Na hapo ndipo hoja ya wapinzani inapokuwa nzito, kwa sababu jarida nalo lina saa yake. Makala ikipokelewa, mhariri anahitaji wiki mbili kuisoma na kuamua kama inafaa kupelekwa mbele. Wapitiaji wanapewa wiki sita. Mwandishi anapewa nne za kurekebisha. Kuangalia marekebisho ni wiki tatu, kusanifu lugha na marejeo tatu nyingine, na mwandishi kusahihisha prufu, yaani nakala ya mwisho kabla ya kuchapwa, wiki moja. Jumla ni wiki 19, mambo yakienda sawa. Ukiongeza wiki tatu za upangaji na uchapaji, makala za toleo la Desemba lazima ziwe mezani kufikia mwisho wa Juni, wakati ambapo mhariri anapanga kumbi za Agosti.

Kinachotokea kinajulikana. Wiki mbili za kusoma mara ya kwanza zinakuwa kumi. Mwandishi anayesubiri kupandishwa cheo anachoka, anaiondoa makala yake na kuipeleka kwenye jarida linalotoza fedha na kuchapa ndani ya wiki moja bila mtu kuisoma. Toleo la Desemba linatoka Juni likiwa bado limeandikwa Desemba. Wanaoweka majarida kwenye faharasa za kimataifa, yaani orodha ambazo watafiti hutafutia makala, hutazama kwanza kama matoleo yanatoka kwa wakati, na jarida lililochelewa miaka miwili mfululizo huwa na kazi kubwa ya kuwaridhisha. Madhara haya hayaonekani ukumbini Agosti, na ndiyo maana hayasemwi.

Lakini watetezi wa kongamano la kila mwaka nao hawatetei sherehe. Hoja yao ya kwanza ni fedha, na ni ya kweli. Katika chama ambacho ada haikatwi kwenye mshahara, watu hulipa ada wanapojiandikisha kwa kongamano, kwa kuwa fomu ni moja na asiye mwanachama anatozwa zaidi. Ruka mwaka mmoja, na mweka hazina ataona wanachama wengi wamekaa kimya hadi kongamano lijalo. Hoja ya pili ni vijana. Mwanafunzi wa uzamili anayesimama kwa dakika 15 mbele ya watu waliosoma kila kitu katika uwanja wake hujifunza asichoweza kufundishwa na msimamizi mmoja. Shahada ya miaka miwili ikikutana na kongamano la miaka miwili, wapo watakaokosa kabisa. Ya tatu ni kwamba wapitiaji wa jarida hupatikana kwenye chai ya kongamano. Barua pepe ya mgeni hupuuzwa. Mtu uliyebishana naye ana kwa ana saa nne asubuhi hujibu.

Historia nayo inawaunga mkono. Mwaka 1831 chama cha kanda, Yorkshire Philosophical Society, kilichoanzishwa 1822, kiliandaa huko York, Uingereza, mkutano wa kwanza wa British Association, jumuiya ya kuendeleza sayansi. Mwaka uliofuata mkutano ulikuwa Oxford, kisha Cambridge 1833, Edinburgh 1834 na Dublin 1835. Kuhama mji kila mwaka ndiko kulikoipeleka sayansi kwa watu ambao wasingeifuata London. Mwenyeji mpya kila mwaka ni wanachama wapya kila mwaka, na chama cha kanda kisichohama hufanywa mali ya mji mmoja.

Upande wa pili una mifano yake. Royal Society ya London, chama cha wanasayansi kilichoanzishwa 1660, mwaka 1686 ilichapa kitabu kikubwa cha samaki, Historia Piscium cha Francis Willughby, kilichokamilishwa na John Ray. Kilikuwa na michoro mingi ya gharama na hakikuuzika. Mwaka uliofuata Principia, kitabu cha Isaac Newton juu ya sheria za mwendo na mvutano, ilipokuwa tayari, chama hakikuwa na fedha za kuichapa. Karani wake, Edmond Halley, alilipia kwa fedha zake, na mshahara wake mwenyewe wa pauni 50 akalipwa kwa nakala za kitabu cha samaki. Si kwamba samaki hawakustahili kitabu. Chama kilikuwa kimemaliza uwezo wake kwenye jambo moja la fahari, na jambo la lazima lilipobisha hodi hakikuwa na kitu.

Mfano wa Manchester naupa uzito zaidi, kwa kuwa ule ulikuwa wa kanda hasa. Chama cha Literary and Philosophical cha mji huo kilianza 1781. Mkemia John Dalton alikuwa katibu wake tangu 1800, kisha rais tangu 1817 hadi alipofariki 1844. Chama kilimpa chumba cha kufanyia majaribio na, zaidi ya hapo, vikao vya kawaida vya mara kwa mara ambavyo alisomea zaidi ya makala 100. Oktoba 1803 alisoma mbele ya wenzake wachache makala juu ya namna maji yanavyonyonya gesi, na ilipochapwa 1805 katika jarida la chama ilikuwa na jedwali la kwanza la uzito wa atomi. Hapakuwa na kongamano wala mgeni rasmi. Palikuwa na chumba, siku inayojulikana, na jarida la kuchapa kilichosemwa.

Kuna kasoro nyingine ambayo pande zote mbili huipita haraka. Vyama vingi hufunga mwaka wa fedha Desemba 31 lakini hufanya mkutano mkuu wakati wa kongamano, ili akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama inayotakiwa, ipatikane. Kongamano likiwa Agosti, wanachama wanapitisha hesabu zilizozeeka miezi minane, na matumizi ya kongamano walilomo hawatayaona hadi mwaka ujao. Kosa la Agosti hii linajadiliwa Agosti ijayo, baada ya kongamano jingine kuandaliwa kwa bei zilezile. Viongozi wapya nao wanachaguliwa saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho, watu wakitazama saa ya basi. Wanaondoka bila nywila za barua pepe na tovuti, bila orodha ya wanachama, na bila muhtasari uliosainiwa, ambao benki itaudai kabla ya kubadilisha watia saini. Mweka hazina wa zamani akisafiri kabla ya hapo, akaunti inaweza kukaa wiki nyingi bila kuguswa. Na jina la tovuti likiisha muda katika wiki hizo bila kulipiwa, viungo vyote vya makala za zamani vinaelekea patupu.

Nikiyapima haya, naona kongamano liwe kila baada ya miaka miwili, ila si kwa kulifuta tu na kuacha pengo. Kwanza, ada itenganishwe na kongamano. Itolewe Januari, ikumbushwe Machi, na asiyelipa hadi Juni asipokee toleo la Desemba wala asipige kura. Mwaka wa kwanza makusanyo yatashuka, na kamati ilijue hilo mapema kwa kuweka akiba ya gharama za toleo moja. Pili, katika mwaka usio na kongamano kuwe na siku moja ya Machi: asubuhi vijana wawasilishe, mchana mhadhara mmoja, alasiri mkutano mkuu wenye hesabu zilizokwisha kukaguliwa, za miezi mitatu nyuma tu. Siku hiyo haihitaji ikisiri 60. Mawasilisho tisa ya dakika 20 ni saa tatu, na ukumbi mmoja unatosha. Tatu, muda wa viongozi uwe miaka miwili, waanze Machi, ili kamati iliyoandaa kongamano ndiyo itoe hesabu zake.

Hatari iliyobaki ni akidi. Siku moja bila kongamano itavuta watu wachache, na chama cha watu 200 chenye katiba inayodai nusu ya wanachama kitashindwa hata kufungua mkutano. Ni lazima katiba irekebishwe kwanza, itaje wazi kuwa mwanachama aliyeingia kwa mtandao amehudhuria, na itaje namna ya kuhesabu kura yake. Marekebisho hayo hayana budi kupitishwa kwenye kongamano la mwisho la utaratibu wa zamani, notisi ikiwa imetoka kwa muda unaotakiwa, au chama kitajikuta kimefuta mkutano pekee wenye uwezo wa kuyapitisha.

Watetezi wa kongamano watauliza mwaka huo mtulivu utaandikwaje kwenye taarifa ya mwaka. Linnean Society ya London, chama cha elimu ya viumbe, iliwahi kuwa na mwaka wa namna hiyo. Julai 1, 1858, karatasi za Charles Darwin na Alfred Russel Wallace juu ya uteuzi wa asili, nadharia ya namna aina za viumbe zinavyobadilika, zilisomwa kikaoni, wenyewe wote wawili wakiwa hawapo, na Agosti zikachapwa kwenye jarida. Mei 1859 rais wa chama, Thomas Bell, alipotoa hotuba yake ya mwaka, alisema kuwa kipindi hicho hakikuwa na ugunduzi wa kutikisa taaluma. Kikao chenyewe kilikuwa kimepita kimya, lakini karani alikuwa ameshaandika na mchapaji ameshachapa, chini ya miezi miwili baada ya kusomwa. Taarifa ya mwaka ya chama chetu cha mfano, pamoja na idadi ya waliohudhuria, inaweza kuongeza safu mbili tu: makala ngapi zilipokelewa, na kila moja ilikaa siku ngapi kabla mwandishi hajapewa jibu.