Peni Sita kwa Wiki

Jamani, kuna nyumba zina mlinzi, kuna nyumba zina mbwa. Yangu ina alamu, na alamu yenyewe ni mimi. Saa kumi alfajiri, wenzangu wako usingizini, mimi niko koridoni na ndala zangu naita majina kama karani wa sensa.

Gari la shule la binti yangu linapita saa kumi na moja kasorobo. Nani aliamua mtoto wa darasa la pili azungushwe mji mzima gizani ndipo akafundishwe kujumlisha, sijui. Dereva naye hana subira, honi moja na keshaondoka. Lakini huyu mdogo ana afadhali. Unamwinua, unamkalisha, anapiga mswaki huku amelala. Juzi alivaa sare yote, soksi hadi magotini, halafu akarudi ndani ya chandarua na begi mgongoni.

Balaa ni wakubwa. Kijana wangu wa kidato cha tatu niliamua kumfundisha ajiamshe. Nikampa simu yangu ya zamani, nikamwambia achague mlio mwenyewe. Akaweka wimbo anaoupenda. Sasa ukianza anavuta shuka, anaitikia kiitikio, usingizi unaendelea. Nikabadilisha, nikaweka king'ora. Kikilia, mkono unatoka kwenye chandarua peke yake, unapapasa godoro, unaminya, unarudi ndani. Mwenye mkono hana habari! Nikaipandisha simu juu ya kabati ili alazimike kuinuka. Ikalia mpaka chaji ikaisha.

"Umeamka?"
"Nimeamka, baba."
"Mbona umelala?"
"Nimefumba macho tu, baba."

Na msidhani hana hoja. Jioni moja akanionyesha, kwenye simu hiyohiyo ya kumwamsha, kwamba madaktari wa watoto Marekani walishauri mwaka 2014 shule za sekondari zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi, maana usingizi wa vijana hukawia kuja usiku na hukawia kuondoka asubuhi. Nikamwambia, mwanangu, hao madaktari hawajawahi kugombania daladala Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili. Akajibu, "Ndiyo maana wana afya." Mama yake akacheka. Yule mwanamke yuko upande wa nani?

Tena mama yake ana kaka yake hapa, alikuja kutusalimia kabla ya mfungo, na bado anatusalimia. Analala kwenye kochi. "Shemeji, niamshe saa kumi na moja, nina usaili." Namwamsha. "Dakika tano, shemeji." Hizo dakika tano zake unaweza kuinjika maharage yakaiva. Akishtuka jua limewaka, anakaa kitako ananitazama kwa uchungu: "Shemeji, kweli umeshindwa kuniamsha?"

Uingereza zamani kazi hii ilikuwa na malipo. Saa za kengele zilipokuwa bado ghali, wafanyakazi wa viwandani walikuwa na mtu wao wa kupita mitaani na fimbo ndefu, anagonga madirisha hadi waamke. Mashariki mwa London kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipuliza njegere kavu kwa mrija zikagonge kioo, peni sita kwa wiki. Peni sita, ndugu zangu! Mimi chai yenyewe naikuta masalia. Njegere ningenunua, tatizo dirisha letu ni nondo na wavu wa mbu.

Jana jirani yetu, tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja, akanisimamisha getini. Nikajua ni kile king'ora, nikaanza kutafuta maneno ya kumtaka radhi. Kumbe anashukuru. Tangu kijana aanze kukiweka, yeye hajachelewa kazini hata siku moja.

"Ila jirani," akasema, "keshokutwa naenda Singida, basi linatoka Mbezi saa kumi na moja. Mwambie kijana aweke saa tisa. Na asikizime haraka."