Leseni za Java: nani anachagua kinachohesabiwa?

Tangu Januari 2023, kampuni inayotaka kulipia Java ya Oracle, yaani jukwaa ambalo programu nyingi za kazi hulitegemea ili ziende, haiulizwi tena ina kompyuta ngapi zinazoitumia. Inaulizwa ina wafanyakazi wangapi. Bei ya orodha ni dola 15 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwa kampuni yenye watu wasiofika 1,000, kisha inashuka ngazi kwa ngazi hadi dola 5.25 kwa yenye watu kati ya 40,000 na 49,999. Na neno mfanyakazi limetanuliwa: yumo aliyeajiriwa kwa muda wote, yumo wa nusu siku, yumo wa muda, na wamo pia watu wa mawakala, wakandarasi na washauri wanaosaidia shughuli za ndani za kampuni. Anayeshinda mbele ya kompyuta na asiyeigusa kabisa wanahesabiwa sawa.

Oracle yenyewe iliweka mfano kwenye orodha yake ya bei. Kampuni yenye waajiriwa 23,000, ukiongeza watu 5,000 wa mawakala na wakandarasi, inahesabiwa kuwa na watu 28,000. Kwa dola 6.75 kwa kila mmoja kwa mwezi, inadaiwa dola 2,268,000 kwa mwaka.

Tuilete hesabu hiyo kwetu. Chukua kampuni ya chai ya kubuni, iwe Kericho au Mufindi, yenye watu 6,000, wengi wao wachumaji na watu wa kiwandani. Ofisini kuna kompyuta 60 zinazotumia Java, na kwenye chumba cha seva kuna prosesa 20. Kwa utaratibu ulioanza mwaka 2018, bei ya orodha ilikuwa dola 2.50 kwa mtumiaji wa kompyuta ya mezani na dola 25 kwa prosesa ya seva, kwa mwezi. Jumla ya mwaka ni dola 7,800. Kwa utaratibu wa 2023, watu 6,000 wanaangukia ngazi ya dola 10.50, na jumla ya mwaka ni dola 756,000. Hizi ni bei za orodha, na anayejua kubishana hupata punguzo. Lakini hata akipunguziwa nusu, analipa karibu mara 48 ya alichokuwa akilipa, na hakuna kompyuta hata moja iliyoongezeka.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na wauzaji wakubwa wa programu. Kukagua leseni ni haki yao, na mteja anayetumia bila kulipa hana cha kujitetea. Kinachoumiza ni kubadilishiwa kipimo wakati umeshajenga kazi yako yote juu ya bidhaa ya mtu. Ni kama muuza mafuta ya taa anayekudai kwa idadi ya watu waliomo nyumbani mwako, si kwa lita ulizochukua. Na kipimo cha idadi ya watu kinaliumiza zaidi eneo kama letu, ambako kazi nyingi bado hufanywa kwa mikono: mashamba, kampuni za ulinzi, hoteli, ujenzi, hospitali. Kampuni ya teknolojia ya California yenye wahandisi 300 inaweza kuingiza fedha nyingi kuliko kampuni ya ulinzi ya Nairobi yenye walinzi 6,000, lakini mbele ya orodha hii ya bei ni kampuni ya walinzi inayoonekana tajiri.

Hata hivyo wauzaji wana hoja, na ni hoja nzito. Oracle ilinunua Sun Microsystems, kampuni iliyoizaa Java, mwaka 2010, na tangu hapo imeendelea kulipa wahandisi wa kuitunza. Kila robo mwaka hutoka masasisho ya usalama. Msimbo wa Java uko wazi kupitia mradi wa OpenJDK, na sehemu kubwa ya kazi ya mradi huo inafanywa na wahandisi wa Oracle. Tangu Java 17 ya mwaka 2021, matoleo mapya ya Oracle yameruhusiwa kutumika bure hata kwa biashara kwa kipindi maalumu. Asiyetaka kulipa anazo njia halali za kutolipa, na ni lazima hilo lisemwe wazi kabla ya kumlaumu mtu.

Vilevile wizi upo. Uchunguzi wa mwaka 2018 wa BSA, chama cha kampuni za programu, ulikadiria kwamba asilimia 37 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta duniani hazikuwa na leseni. BSA ni chama cha wauzaji wenyewe, kwa hiyo takwimu hiyo ipokelewe kwa tahadhari, ila aliyewahi kufanya kazi ya TEHAMA katika miji yetu hahitaji takwimu kujua hali ilivyo. Kampuni inayolipa leseni zake zote inashindana sokoni na jirani yake asiyelipa hata moja. Ukaguzi unamlinda huyo anayelipa.

Tatizo ni kwamba madai mengi hayatoki kwa wezi. Angalia Java 8, ambayo bado inaendesha mifumo mingi ya mishahara, benki na hospitali. Toleo la 8u202 la Januari 2019 lilikuwa la mwisho kutolewa kwa masharti ya zamani, ambayo biashara ilitumia bila kulipa. Toleo la 8u211, lililotoka Aprili mwaka huohuo, lilikuja na leseni mpya: bure kwa matumizi binafsi na kwa wanaojenga programu, lakini kwa kuendesha biashara unahitaji kulipia. Tovuti ni ileile, jina ni lilelile, na kitufe cha kusasisha ni kilekile. Fundi aliyefundishwa kwamba kusasisha ni wajibu wa usalama alibonyeza kama alivyozoea, akaiingiza kampuni kwenye deni ambalo mkurugenzi wa fedha hajawahi kulisikia. Sioni wizi hapo. Naona masharti yaliyobadilika huku mwenye bidhaa akijua fika kwamba wengi hawayasomi.

Baadaye huja barua pepe, kwa kawaida kutoka kwa mtu wa mauzo. Anasema angependa kuzungumzia matumizi yenu ya Java, na pengine anataja kwamba kampuni imeonekana ikipakua matoleo kadhaa. Barua hiyo haina uzito wa ukaguzi wa mkataba. Ukaguzi rasmi una utaratibu wake. Katika mikataba ya kawaida ya Oracle unatanguliwa na taarifa ya maandishi ya siku 45, haupaswi kuvuruga kazi kupita kiasi, na likipatikana pungufu hulipwa ndani ya siku 30. Tofauti hii ni kubwa. Anayejibu barua ya mauzo kwa kumwaga orodha ya seva zake zote amempa muuzaji ushahidi ambao mkataba haukumlazimu kuutoa. Anayeinyamazia naye anakaribisha ukaguzi rasmi. Jibu la busara ni fupi na la heshima: tumeipokea, tunafanya hesabu yetu ya ndani, mwanasheria wetu atawasiliana nanyi. Kisha hesabu hiyo ifanywe kweli, kwa haraka, kabla ya kukubali kikao chochote.

Mahakama nazo zimeshaonyesha jinsi kipimo kinavyoweza kumgeuka mteja. Februari 2017 mahakama kuu ya London iliamua kesi ya SAP, muuzaji wa programu za kuendeshea biashara, na Diageo, kampuni ya vileo ambayo wakati huo ilikuwa mwenye hisa mkuu wa East African Breweries. Leseni za Diageo zilihesabiwa kwa watumiaji wenye majina. Baadaye ikaunganisha SAP na programu mbili zilizojengwa juu ya Salesforce, jukwaa la mtandaoni la mauzo, moja ya wateja kujiwekea oda na nyingine ya maofisa mauzo walio barabarani. Wateja wale hawakuwahi kuiona skrini ya SAP, lakini SAP ilisema nao ni watumiaji, ikadai zaidi ya pauni milioni 54. Mahakama ilikubali kwamba walihitaji leseni, kiasi cha kulipwa kikaachwa kiamuliwe baadaye. Kwa kusoma mkataba ulivyoandikwa, sidhani kama jaji alikosea. Mkataba uliandikwa kabla ya dunia ya simu na oda za mtandaoni, na hakuna aliyerudi kuurekebisha dunia ilipobadilika. Kwa haki ya SAP, mwaka uliofuata ilileta utaratibu mwingine wa kuhesabu nyaraka zinazozalishwa, kama oda na ankara, badala ya watu. Wateja wakipaza sauti wengi kwa pamoja, kipimo hubadilika.

Kesi ya Mars, watengenezaji wa chokoleti, ina sura nyingine. Mwaka 2015 waliishtaki Oracle huko California baada ya ukaguzi kugeuka mvutano. Oracle ilitaka maelezo ya seva za VMware, programu inayoigawa seva moja kuwa seva pepe nyingi, hata zile ambazo programu zake hazikuwa zikiendeshwa, kwa hoja kwamba katika mazingira hayo programu inaweza kuhamia seva yoyote. Mars walisema walishakabidhi kurasa 233,089. Walipatana nje ya mahakama kabla mwaka haujaisha. Suala lenyewe lingali hai kwa kila benki inayoendesha hifadhidata ya Oracle juu ya VMware, kwa sababu waraka ambao Oracle huutegemea kuhusu kugawanya seva unasema wenyewe kwamba ni wa kuelimisha tu na hauwezi kuchukuliwa kuwa mkataba. Mteja asiyeujua mstari huo hulipa.

VMware nayo imebadilika mikononi mwa wateja wake. Broadcom iliinunua Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Anayehitaji sasa analipia kwa mwaka, kwa kila kori ya prosesa, yaani kila kitengo cha hesabu ndani yake, tena bidhaa zikiwa zimefungwa pamoja. AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, ilieleza mahakamani mwaka 2024 kwamba ilitakiwa nyongeza ya asilimia 1,050, kisha pande mbili zikamalizana. Broadcom hujibu kwamba imepunguza utitiri wa bidhaa na kwamba bei ya orodha ya kifurushi chake kikuu imeshuka kutoka dola 700 hadi 350 kwa kori kwa mwaka. Ni kweli. Ila kwa aliyekuwa akihitaji kipande kimoja tu cha kifurushi, nusu bei ya kitu kizima bado ni ghali kuliko alichokuwa akilipa.

Kwetu kuna mzigo wa ziada ambao muuzaji hauoni kwenye vitabu vyake: bei ni ya dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya kabla ya kurudi kwenye 129 au 130. Aliyehuisha mkataba mwezi ule alilipa karibu robo zaidi ya aliyehuisha miezi michache baadaye, kwa programu ileile.

Je, tuhame? Wengi hujibu haraka mno. Kwa Java, ndiyo, mara nyingi inawezekana kwa wiki chache. Eclipse Temurin na Amazon Corretto, Java za watoaji wengine, zimejengwa kutoka msimbo uleule wa OpenJDK, ni za bure, na programu nyingi hazitahisi tofauti. Kikwazo huwa ni yule aliyewauzia mfumo wa mishahara akisema anahudumia Java ya Oracle pekee, na huyo ni wa kubanwa kwa maandishi aseme kwa nini. Kwa hifadhidata, kwa mfumo mzima wa uhasibu, kwa VMware yenye mamia ya seva pepe, habari ni nyingine. Tanzania ilithubutu: Wizara ya Fedha iliachana na Epicor, mfumo wa uhasibu wa kununua, katika malipo ya serikali na kuweka MUSE iliyojengwa na wataalamu wa ndani. Naiona kuwa hatua ya kujivunia. Lakini anayeitamani aikumbuke bili yake: waandaaji programu wanaotakiwa kulipwa vizuri wasikimbie, na mtu wa kuamka saa nane usiku mfumo ukigoma mwisho wa mwezi. Gharama hiyo huangukia mishahara badala ya leseni, na bajeti nyingi hazina mahali pa kuiandika.

Kwa hiyo uzito wangu uko hapa. Muuzaji ana haki ya kulipwa na kukagua. Hana uhalali wa kimaadili wa kutoza kwa kitu kisichohusiana na matumizi, hata kama sheria inamruhusu. Lakini nguvu nyingi alizonazo tunampa sisi, kwa kutojua tulichonacho. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni ngapi za kwetu zinaweza kusema leo, bila kupiga simu kwa yeyote, ni mashine zipi zina Java 8u211 au zaidi, nani aliiweka, na kwa ajili ya mfumo upi? Fundi mmoja na karatasi ya Excel wanaweza kulijibu swali hilo ndani ya mwezi. Bila jibu hilo, hesabu ya muuzaji ndiyo hesabu pekee mezani.

Jambo moja zaidi, kwa wanaokaribia kusaini upya mwaka huu. Mshauri wa leseni anayetoka kwa wakala wa muuzaji hupata kamisheni ya mauzo yaleyale anayokushauri. Tafuta mwingine asiyeuza kitu. Na kipengele kinachotafsiri nani ni mfanyakazi au nani ni mtumiaji kisomwe na mwanasheria na fundi wakiwa meza moja, vibarua wa msimu na walinzi waandikwe wazi kuwa nje ya hesabu, na kipimo kifungwe kisibadilike kwa muda wote wa mkataba. Muuzaji anayefukuzia malengo ya robo mwaka hukubali mengi wiki ya mwisho kabla ya sahihi. Baada ya sahihi hakubali hata moja.