Hoki ya barafuni: timu zikiongezeka, mipaka ya divisheni ipite wapi?

Kwa misimu miwili, 2011-12 na 2012-13, Winnipeg Jets walicheza Divisheni ya Kusini-Mashariki ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Divisheni huko si daraja, ni kundi la timu zinazopangwa pamoja hasa kwa jiografia. Winnipeg ipo katikati ya Kanada, mji ambao baridi ya Januari inaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Majirani zao kwenye msimamo walikuwa Tampa Bay, Florida Panthers, Carolina na Washington. Timu ilihamishwa kutoka Atlanta mwaka 2011, ikakalishwa kwenye kiti kilekile cha Atlanta hadi ligi ipate muda wa kupanga upya.

Leo NHL ina timu 32: kanda mbili, divisheni nne, kila divisheni timu 8. Lakini kila upanuzi unapozungumzwa, Atlanta na Houston hazikosi kutajwa. Zikiingia, na nyingine mbili zikafuata baadaye, mipaka itachorwaje?

Tupige hesabu kwanza, maana ubishi mwingi huishia hapo. Kuanzia msimu wa 2026-27 kila timu inacheza mechi 84. Kwa timu 32 hesabu inakaa vizuri: unakutana mara 4 na wenzako 7 wa divisheni, mara 3 na timu 8 za divisheni jirani, mara 2 na 16 za kanda ya pili. Zikifika 36, kucheza na kila mmoja nyumbani na ugenini tu kunakula mechi 70. Zinabaki 14. Ukiwa na divisheni nne za timu 9, hizo 14 hazitoshi hata kumwongezea kila mwenzako mechi 2. Ukigawa divisheni sita za timu 6, wenzako ni 5. Unawapa mechi 10 za ziada na bado una akiba ya 4. Anayethamini uhasama wa jadi, na hoki bila uhasama ni watu wanaoteleza tu, atachagua divisheni ndogo.

Ila divisheni ndogo zilishatumika, na zina dosari yake. Msimu wa 2011-12, Florida Panthers waliongoza Kusini-Mashariki kwa pointi 94, na kwa kuwa ni vinara wa divisheni wakapewa nafasi ya tatu katika kanda. Pittsburgh wenye 108 wakawa wa nne, wakapangiwa Philadelphia wenye 103 raundi ya kwanza. Kuwa bora kati ya wadhaifu kulilipa kuliko kuwa wa pili kati ya wababe.

Mageuzi ya 2013 yalileta divisheni kubwa, na mtoano ukapangwa kwa divisheni. Je, dosari iliondoka? Mwaka 2017 Pittsburgh, wa pili kwa pointi katika ligi nzima, walianza na Columbus, wa nne katika ligi nzima. Mwaka 2025 Dallas walikutana na Colorado mapema vilevile, zikaenda mpaka mechi ya 7, ya mwisho na ya kuamua, na Mikko Rantanen wa Dallas akaizamisha timu yake ya zamani kwa mabao matatu katika kipindi cha mwisho. Burudani ilikuwepo, sikatai. Lakini mechi kama ile ilistahili raundi za mwisho, si ya kwanza.

Mimi naona kosa ni kuibebesha divisheni kazi mbili. Ipange ratiba, basi. Mtoano upangwe kwa pointi ndani ya kanda, wa kwanza kwa wa nane. Wanaopinga wana hoja, hasa magharibi, ambako utaratibu huo unaweza kuwatupa Dallas mpaka Vancouver, saa mbili nyuma. Detroit wanaijua adha hiyo: mpaka 2013 walikuwa Kanda ya Magharibi, na mechi ya Los Angeles ikianza saa moja jioni kule, kwao ni saa nne usiku. Mtoto wa shule analala kipindi cha kwanza hakijaisha. Hata hivyo, kuvuka saa kwa wiki mbili kwenye mtoano si sawa na kuvuka msimu mzima.

Kigumu zaidi ni ramani yenyewe. Atlanta ikirudi, majirani zake halisi ni Carolina, Nashville na timu mbili za jimbo la Florida, Tampa Bay na Panthers. Mtu atasema hiyo ni Kusini-Mashariki ileile inafufuliwa, ingawa Tampa na Panthers wa sasa, wenye makombe mawili kila mmoja tangu 2020, si wa kudharauliwa. Kikwazo kipo mlangoni kwenye tiketi. Timu za Florida zimewekwa pamoja na Toronto, Montreal na Boston kwa sababu wakazi wengi wa miji hiyo huenda kukaa Florida kukimbia baridi, nao hujaza viwanja timu zao zikija. Wakitenganishwa, kwa hesabu ya timu 36, Toronto wangeweza kufika Tampa mara moja tu kwa mwaka badala ya mbili, na klabu za Florida hazitaliachia hilo kirahisi.