Nusu siku Kisumu haitoshi
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema anayefika Kisumu mara ya kwanza anahitaji nusu siku tu: ale samaki, atazame jua likizama, aondoke. Sikubaliani kabisa. Wageni wangu huwa naanza nao Dunga, ufuo wa wavuvi kwenye Ziwa Victoria, alfajiri, wavuvi wakirudi na nyavu, ndege wakilia kwenye mafunjo. Bei ya boti mpatane mkiwa bado ufuoni, na usipande bila jaketi la kuokolea maisha. Magugu maji nayo hufuata upepo. Yakiziba ufuo hamwendi popote, ndiyo maana siku ya ziada inafaa. Halafu mji huu una historia: reli ilifika 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence, na pale Makumbusho ya Kisumu kuna boma zima la Kiluo, nyumba ya kila mke ikiwa mahali pake. Ukishaliona hilo, Kit Mikayi, miamba mikubwa iliyorundikana kwenye barabara ya Bondo, utaielewa vizuri zaidi, kwani jina lenyewe kwa Kiluo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Samaki ni wa mchana: ngege (sato) mzima, ugali na osuga (mboga ya mnavu), kwa mkono. Nyinyi wakazi wenzangu, mgeni wenu mnampeleka wapi kwanza?