Mama, Pini na Kijana wa Boda

Mama yangu haogopi majini, haogopi polisi wala kung'olewa jino. Anachoogopa ni kuulizwa pini. Jirani yetu alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya heshima, akaambiwa kuna hela zimeingia kwake kimakosa, akaitaja pini yake, M-Pesa ikabaki kavu. Tangu siku hiyo, mama akienda kutoa pesa huifunika simu kwa leso na kuinama humo ndani, utadhani anajifukiza. Na aliyemfunza ni mimi. Nilimkalisha nikamwambia, "Mama, pini yako usimpe mtu. Hata mimi usinipe." Akaitikia vizuri sana, na mpaka leo hajanipa.

Sasa, mimi ni fundi wa kushona, nina kibanda Kisauni, Mombasa. Siku hiyo nilikuwa namalizia gauni la kupamba la bibi harusi wa Nyali, na lilitakiwa liwe limeondoka kabla ya laasiri. Mwenyewe hakuweza kuja kupima, kwa hiyo nilimvika binti wa jirani mwenye kimo kama chake, nikampandisha juu ya stuli, nikapiga magoti nikawa nazunguka na upindo. Mafundi wenzangu mnajua: mikono ikishika kitambaa, pini hukaa mdomoni. Zangu zilijipanga midomoni vichwa nje, vyekundu na bluu. Kimto cha pini ninacho, tena nilikuwa nimekifunga mkononi, lakini huwa nakisahau.

Simu yangu ikalia. Nikamwashiria mama apokee, akaweka spika.

"Shikamoo mama. Mimi ni wa boda, nimekuja kuchukua mzigo. Nimeingia Kisauni lakini napotea. Nitumie pini."

"Nini?"

"Pini, mama. Nije moja kwa moja."

"Uje wapi?"

"Si hapo kwako!"

"Mwizi wewe! Siku hizi mnazifuata mpaka nyumbani?"

Mimi pale chini, "Mmh! Mmh!" Mama akanionyesha kwa kidole kama vile yule kijana anamwona. "Unasikia? Hata mwanangu anakataa."

Kijana wa watu hakuwa na kosa. Mtaani kwetu nyumba hazina nambari. Unaelekezwa kwa msikiti, kisha mwembe, kisha duka ambalo lilishafungwa ila jina limebaki vinywani. Alichotaka ni ile alama ya ramani ya simu, lile tone jekundu lenye ncha chini. Linaitwa pini kwa sababu watu wenye ramani ukutani walikuwa wakidunga pini za kweli pale walipotaka kupakumbuka. La Google lilitoka mwaka 2005, na leo limehifadhiwa New York katika jumba la sanaa la MoMA. Lakini hayo utamweleza nani, kwa mdomo gani?

"Mama, si pini ya pesa," kijana akajitetea. "Ni ya lokesheni. Iko hapo kwa WhatsApp."

"Lo! Hata WhatsApp mmeshaingia!"

"Basi kuna mtu mwingine hapo nizungumze naye?"

"Yupo, lakini hawezi kusema. Mdomo umejaa pini."

Kijana akanyamaza kidogo.

"Kama zimejaa, si anitumie moja tu?"

Binti wa jirani alicheka mpaka stuli ikayumba, na mimi nikaukumbatia upindo kwa mikono yote miwili asije akaanguka na gauni la watu. Kuzitema zile pini sakafuni sikuweza. Sote tulikuwa pekupeku, na kitambaa chenyewe cheupe. Nikawa nazichomoa moja moja, nazidunga kwenye kimto, huku mama anamuuliza yule kijana mamake anajua kazi anayofanya. Nilipochomoa ya mwisho na kufungua kinywa, simu ikazima. Chaji imekwisha.

"Lete chaja!" nikamwambia mdogo wangu aliyekuwa chumba cha nyuma.

"Ya pini ndogo au ya pini kubwa?" akauliza.

"Na wewe," mama akasema, "wamekutuma?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Simu ya mama ni mulika mwizi na chaja yake ni pini ndogo, yangu ni nyingine kabisa. Hiyo yangu ilipopatikana, kumbe ina miguu miwili, na soketi zetu ni za Kiingereza, za matundu matatu. Mguu wa juu wa plagi ya kawaida ndio mrefu, nao ndio unaofungua vile vifuniko vya ndani. Chaja ya miguu miwili haina wa kuifungulia mlango. Ndiyo maana kila nyumba unayoijua ina kalamu iliyotafunwa ncha karibu na swichi. Ya kwetu ilikuwa imechukuliwa na mtoto kwenda nayo madrasa.

Simu ilipofufuka nikaituma ile pini, nikaomba radhi kwa maandishi, na tukakaa kusubiri. Mama hakuwa ameridhika. Alitaka kujua ni nani aliyeziita nambari za siri pini, kama si kuwachanganya watu. Nikamwambia ni herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza, zikatokea tu kufanana na pini ya kushonea. Tena, nikasema, mashine ya kutoa pesa ilipowekwa Enfield, London, mwaka 1967, yule John Shepherd-Barron aliyeibuni alitaka watu wakariri nambari sita, kama za jeshini. Akamjaribu mkewe mezani. Mke akasema yeye anaweza kukumbuka nne tu, basi zikawa nne.

Mama akafikiri. "Na huyo mke alimtajia mumewe zake?"

Sikuwa na jibu.

Kijana akafika na jua lote la Kisauni usoni. Akasalimu kutoka mlangoni, maana nadhani alishaijua ile sauti, akachukua kifurushi, akatoa simu yake. "Programu haiwezi kuufunga mzigo, dada. Nipe pini."

Kabla sijajibu, mama alishanyoosha mkono kwenye kimto changu. Safari hii hakutaka kuonekana mshamba. Akachomoa moja yenye kichwa chekundu akampa. "Chukua, mwanangu. Na unisamehe kwa yale maneno."

Yule kijana ni muungwana. Aliipokea kwa mikono miwili, akaidunga kwenye koti lake lililokatika zipu, akashukuru. Halafu akanigeukia, akanong'ona, "Zile nambari nne, dada, ulizotumiwa kwenye simu."

Mama alisikia neno nambari. Binti wa jirani akaamriwa ageukie ukuta. Mdogo wangu akarudishwa nyuma. Simu yangu ikafunikwa leso, na nikazitaja zile nambari nne humo gizani, kijana ameinama upande wa pili, mama amesimama mlangoni kama askari, anawapungia wapita njia waendelee na safari zao.

Gauni lilifika salama. Baada ya isha nilikuwa jikoni nakaanga samaki, mikono ina unga, simu ikalia tena na mama akaiwahi. Nilimsikia bibi harusi mwenyewe, sauti ya kulia na kucheka pamoja, nyuma yake ngoma na vigelegele.

"Mama, kuna pini! Iko hapa kiunoni, upande wa ku..."

"Shh!" mama akamkata. "Usimtajie mtu. Hata mumeo."