Shusha gari kwanza, ndipo ukaze bushi

Hapa Mtwara bushi za wishbone, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwenye bodi ya gari, zikifa mapema, lawama zote hubebeshwa barabara mbovu au spea feki. Naamini wengi wetu tunaziua wenyewe siku ileile ya kuzifunga, pale tunapokaza bolti gari likiwa bado juu ya jeki.

Bushi ya kawaida ni raba iliyogandishwa katikati ya vyuma viwili vya duara, cha nje na cha ndani. Ukishakaza bolti, chuma cha ndani hakizunguki tena. Wishbone ikipanda na kushuka, raba ndiyo inayojinyonga. Sasa ukiikaza gurudumu likining'inia, ukishusha gari raba inabaki imejinyonga hata likiwa limeegeshwa uani usiku kucha. Ikikutana na makorongo ya kwenda Newala, inachanika. Halafu tunamlaani muuza spea.

Kazi yenyewe inafanyika nyumbani, hasa kwa hizi Corolla na Carina za zamani. Ila mchanga wetu unameza jeki, kwa hiyo tanguliza ubao mnene, na usiingie chini bila stendi. Kwa wanaoishi karibu na bahari, Shangani au Mikindani, bolti huwa imeshikana kwa kutu na chuma cha ndani cha bushi. Ipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, uwe na subira. Kabla hujaitoa bushi kuukuu, piga picha ya jinsi ilivyokaa. Nyingine zina matundu kwenye raba, na matundu hayo yana upande wake.

Kuiingiza mpya, presi ya gereji ndiyo bora. Usipoipata, bolti ndefu yenye nati na soketi mbili za kipimo kinachofaa itaivuta taratibu. Nyundo hapana, inapindisha chuma cha nje. Paka maji ya sabuni. Grisi na oili huvimbisha raba na kuilainisha, ingawa najua mafundi wengi wanaona grisi ni fadhila.

Zile bushi za kuchonga kwa tairi kuukuu sizikubali kabisa kwenye wishbone. Gari likiyumba ukishika breki, kuna roho za watu ndani.

Ukimaliza kufunga, bolti zishikize tu. Shusha gari lisimame kwa matairi yake, libonyeze mara kadhaa litulie, ndipo ukaze kwa mkazo uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Kama spana haifiki, pandisha magurudumu yote manne juu ya mbao imara na uyawekee vigingi. Baadaye peleka alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa magurudumu.

Na ukimpa fundi kazi hiyo, usiondoke dakika ya mwisho. Mwombe kwa heshima: “Fundi, naomba tushushe kwanza.” Akikataa na kuzikaza bolti gari likiwa juu, nenda nazo zikiwa zimekazwa hivyohivyo, polepole mpaka nyumbani; huko, gari likiwa limesimama kwa matairi, zilegeze, kisha uzikaze upya.